Nililipa 120,000 kuulizwa maswali: ofisi ya ushauri wa kazi, Ntinda, Kampala

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Nilipokwenda ilikuwa shilingi 120,000 za Uganda, unalipa kwa simu siku moja kabla, na ukichelewa hazirudi. Wao wakichelewa hakuna wa kukurudishia chochote. Mimi walinikalisha kwenye benchi dakika hamsini. Kwa fedha hizo unapata saa moja na nusu na mama mmoja aliyestaafu baada ya miaka mingi ya "kuajiri watu na kuwafukuza", kama asemavyo mwenyewe. Unaondoka na karatasi zako za hesabu, na una ruhusa ya swali moja la WhatsApp ndani ya siku thelathini. La pili linalipiwa. Jina la ofisi sitalitaja kwa sababu nina malalamiko nayo, na mama mwenyewe sikumwomba ruhusa ya kumwanika.

Nilikwenda Jumamosi ya tarehe 15 Machi 2025, saa tisa alasiri, nikitokea kazini moja kwa moja. Ramadhani ilikuwa imefika katikati, koo limekauka, na ofisi iko ghorofani juu ya duka la dawa, ngazi za chuma zinazolia kila ukikanyaga.

Shida yangu ilikuwa hii. Kazi yangu ni nyaraka za forodha. Tangu Februari 2021 nilikuwa kwenye kampuni moja ya uwakala wa forodha maeneo ya Nakawa, watu ishirini na wachache, na mshahara wangu ulikuwa umefika 1,800,000 kabla ya makato. Tangu 2023 bosi wetu, tunayemwita Hajji, alikuwa ananiahidi usimamizi wa idara ya nyaraka. Kwanza ilikuwa Januari. Januari ikapita, ikawa baada ya ukaguzi wa hesabu. Ukaguzi ukaisha, ikawa Julai, mwaka mpya wa fedha ukianza, na mshahara 2,300,000. Mwanzoni mwa Machi kampuni nyingine, iliyoko Industrial Area, ikanipigia simu: njoo kwetu, 2,500,000, cheo kile kile cha afisa, tupe jibu kufikia tarehe 24.

Mama yangu, kutoka Malaba, akaniambia mvumilivu hula mbivu. Kaka yangu akaniambia fimbo ya mbali haiui nyoka. Zote mbili ni kweli, ndiyo maana hazikunisaidia. Mume wangu akasema, "Wewe ndiye unayejua," jibu ambalo mwanamume hulitoa akiwa anaangalia mpira. Binamu yangu wa benki ndiye aliyenipa namba ya hii ofisi. Yeye alikwenda mwaka uliotangulia, hakuhama kazi, ila alirudi akiwa mtu wa kuandika kila kitu kwenye daftari.

Lalamiko la kwanza ni ukuta. Chumba cha mama kimetengwa na benchi la kusubiria kwa plaiwudi isiyofika darini. Kabla kijana aliyenitangulia hajatoka nilikuwa nimeshajua mshahara wake, deni lake la SACCO, na kwamba msimamizi wake anamchukia. Alipotoka tukapishana mlangoni, akanisalimia kwa heshima, na mimi nikashindwa kumtazama usoni. Ofisi inayosikiliza siri za watu haiwezi kuwa na ukuta wa namna hiyo. Katika nyota tano, moja naitoa hapo hapo.

Nilipoingia nikamwambia mama, kwa Kiingereza, kwamba huko nje kila kitu kinasikika. Hakukasirika. Akanitazama, akauliza kwetu wapi. Nikasema Malaba, upande wa Uganda. Akahamia Kiswahili papo hapo: "Basi tuongee hivi, binti yangu. Hao walioko nje watadhani tunapanga mapinduzi."

Alikulia kwenye nyumba za reli pale Tororo, ambako watoto wa kila kabila walicheza kwa Kiswahili. Mimi nimekipata nyumbani: mama yangu ni Mdigo, baba yangu ni Msamia aliyeanza utaniboi kwenye malori ya Mombasa akamaliza akiwa dereva, na hakuna kati yao aliyekubali kujifunza lugha ya mwenzake. Kwa wasomaji wa Dar na Mombasa wasioijua Kampala: Katiba ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, na 2022 baraza la mawaziri likapitisha kiwe somo la lazima shuleni, lakini ukikiongea kwenye takisi (daladala zenu, matatu zenu) bado kuna abiria watakaodhani wewe ni askari, au unawindwa na askari. Siku ile kilitufaa kuliko plaiwudi.

Nilitegemea aniulize ndoto zangu, au nijione wapi baada ya miaka mitano. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mkononi unapokea ngapi?"

Nikasema kama milioni moja na laki mbili na kitu.

"Na kitu ni ngapi?"

Sikujua. Mimi ninayemgombeza mteja kwa kukosea uzito wa mzigo kwa kilo tatu, mshahara wangu mwenyewe naujua kwa "na kitu".

Akatoa kikokotoo chenye vitufe vikubwa, kile cha wenye maduka, akaanza kuandika kwa kalamu ya wino mwekundu. PAYE ya hapa Uganda, yaani kodi ya mshahara, akasema, ukishavuka 410,000 kwa mwezi ni rahisi kuihesabu: hizo 410,000 za kwanza kodi yake yote ni 25,000, na kila shilingi inayozidi hapo, mpaka milioni kumi, inakatwa asilimia 30. Kwa 1,800,000 yangu kodi inafika 442,000. Halafu NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 5 ya mshahara mzima, nayo haipunguzi kodi hata senti: 90,000. Inabaki 1,268,000. Hiyo ndiyo "na kitu" yangu. Ile kodi ya huduma ya serikali za mitaa, 100,000 kwa mwaka, aliiruka kwa sababu kwa mishahara yote tuliyokuwa tukiilinganisha ni ile ile.

Kisha ile ya Industrial Area. 2,500,000: kodi 652,000, NSSF 125,000, mkononi 1,723,000. Akazipigia mistari miwili. Tofauti ya mishahara kwenye karatasi ilikuwa 700,000. Tofauti mkononi, 455,000.

"Hapa ndipo watu wanapotelea," akasema. "Wanasikia laki saba, wanazila kichwani zote saba, wanatafuta nyumba ya laki saba. Benki inaleta nne na nusu."

Hakuishia hapo. Unaishi wapi? Kireka. Unafikaje kazini? Kutoka Kireka mpaka Nakawa ni takisi moja, 1,500 kwenda na 1,500 kurudi. Kule Industrial Area? Hapo nikaanza kuhesabu vidole. Takisi 2,000 mpaka Jinja Road, halafu boda 3,000 mpaka getini, kwa sababu kampuni yenyewe iko ndani, katikati ya maghala, na mwanamke mwenye akili hatembei ile barabara ya malori saa kumi na mbili jioni. Elfu kumi kwa siku badala ya elfu tatu. Tukakadiria siku 24 za kazi kwa mwezi: 168,000.

"Na chakula cha mchana?"

Nikacheka, maana nilikuwa nimefunga na yeye mwenyewe alikuwa ameniwekea chai mezani kabla hajajua. Nikamweleza kwamba kwa Hajji tunapikiwa. Posho (ndiyo ugali wetu) na maharage, na Jumatano matoke na mchuzi wa karanga, mpishi ni mama mmoja wa Masaka ambaye watu hubaki kwenye ile kampuni kwa ajili yake. Kule kupya kila mtu anajitegemea. Sahani ya vibandani ni 5,000, mara siku 24, 120,000.

Akatoa, akageuza karatasi upande wangu. 455,000 ukitoa 168,000 ukitoa 120,000. Laki saba zangu zilikuwa zimebaki 167,000.

Nilikaa kimya kidogo. Sikuwa nimedanganywa na mtu; kampuni ile ilisema 2,500,000 na kweli ingelipa 2,500,000. Ni mimi niliyekuwa nimeshapanga chumba cha pili cha watoto kwa fedha ambazo zingekula boda na sahani za matoke.

Baada ya hapo akahesabu kubaki, kama kweli Julai ingekuja na 2,300,000. Mkononi 1,593,000, nyongeza ya 325,000 juu ya nilichokuwa napokea, nauli ile ile, mama wa Masaka yule yule. Kwa hiyo kupandishwa cheo kwa Hajji kungenipa 158,000 zaidi kila mwezi kuliko kuhama. Kwa kuwa nilipaswa kutoa notisi ya mwezi mmoja, kule kupya nisingeanza kabla ya mwisho wa Aprili. Ningebaki ningepoteza 334,000 za Mei na Juni, na kufika Septemba ningekuwa nimeshazirudisha zote.

Nikashusha pumzi. Sitaficha, jibu hilo ndilo nililokuwa nalitaka. Hajji alinichukua nikiwa sijui kutofautisha mzigo wa kupita njia na mzigo wa kubaki nchini. Ndiye aliyenilipia kozi ya cheti cha forodha cha Afrika Mashariki. Mwanangu wa pili alipozaliwa alituma mbuzi. Nikaanza kukunja zile karatasi.

Mama akaweka mkono juu yake. "Na hiyo Julai imeandikwa wapi?"

Nikasema Hajji ameniambia. Mara ngapi? Mara nyingi. Mbele ya nani? Mbele ya mhasibu, mara moja, na mhasibu ni shemeji yake.

Hakusema kitu. Akaniuliza, kama mtu anayebadilisha mazungumzo, kontena linatokaje, maana yeye mambo ya forodha hayajui. Na mimi, mtu akiniuliza kazi yangu, nasahau njaa. Nikamweleza: hati ya shehena kutoka kwa wenye meli, ankara ya muuzaji, orodha ya vilivyofungashwa, tamko linaingizwa kwenye mfumo, kodi inakadiriwa, inalipwa benki, na tangu mpango wa himaya moja ya forodha uanze 2014 sehemu kubwa ya hayo tunayamaliza mzigo ukiwa bado Mombasa. Ndipo inatoka hati ya kuuachia. Karatasi moja ikikosekana, kontena linakaa, na siku za bure zikiisha dimareji, tozo ya kontena kukaa, inaanza kuhesabu, usiku na mchana, Jumapili na Idi.

"Sasa mteja akija akakwambia, mimi ni mtu mwema, mniachie kontena langu, kodi nitalipa Julai?"

Nikacheka kwa sauti. Halafu nikaacha kucheka.

Miaka miwili nilikuwa nimeachia kontena langu mwenyewe bila karatasi. Mama hakunitafsiria, alinyamaza tu akimimina chai yake, na hapo ndipo nilipoona kwamba 120,000 yangu haikupotea.

Kilichofuata kiliniuma zaidi. Akaniambia niingie kwenye akaunti yangu ya NSSF kwa simu. Sikuwa nimeifungua tangu nijifungue. Nywila nimeisahau, dakika kumi zikapotea (na saa yake inahesabu, hakusimamisha). Tulipoingia, michango ya Novemba, Desemba na Januari haikuwepo. Mwajiri anatakiwa kuwasilisha ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha, asilimia 10 yake na 5 yangu. Kwangu ni 270,000 kwa mwezi, miezi mitatu 810,000, na katika hizo 270,000 zilikuwa zimeshakatwa kwenye mishahara yangu.

Nikamtetea Hajji. Nikasema si mwizi. Mama akakubali haraka kuliko nilivyotegemea: "Sijasema mwizi. Nimesema hana fedha taslimu. Anayekopa kwenye NSSF ya wafanyakazi wake atatoa wapi laki tano za kukuongezea kila mwezi? Huenda anakupenda kweli. Kukupenda hakujazi akaunti."

Haya, na cheo. Hapa nadhani ndipo alipo bora kuliko kina kaka na binamu wote. Mimi nilikuwa naona mambo mawili, fedha na uaminifu. Yeye akasema kitu cha tatu: ukiondoka sasa unaondoka ukiwa afisa, unakwenda kuwa afisa, na mtu wa kukuajiri baada ya hapo ataona afisa miaka sita na kujiuliza una kasoro gani. Mshahara hauonekani kwenye wasifu, cheo kinaonekana. Kwa hiyo kama nahama, nisiwaombe wale wapya fedha zaidi, wameshatoa; niwaombe cheo, ambacho hakiwagharimu kitu, na kiandikwe kwenye mkataba pamoja na tarehe.

Pia akausoma mkataba wao mstari kwa mstari. Ulikuwa na kipindi cha majaribio cha miezi sita. Sheria ya Ajira ya 2006 inaruhusu, ndiyo mwisho wake, na kuongezwa mpaka wewe ukubali. Lakini katika majaribio wanaweza kukuaga kwa notisi ya siku 14 tu. "Una miaka minne hapo ulipo, wanakudai notisi ya mwezi na wewe unawadai ya mwezi. Unaacha mwezi unakwenda kwenye wiki mbili. Omba majaribio miezi mitatu." Na akaniuliza siku za likizo. Kisheria ni 21 kwa mwaka. Nilikuwa na 11 sijazichukua. Nisiondoke bila kuzidai.

Dakika kumi za mwisho ziliharibika. Akaanza kuniuzia kazi ya kuandikiwa wasifu upya kwa 200,000. Nikasema sihitaji, nina ajira mbili mkononi. Akarudia. Mtu aliyetoka kunifundisha kuhesabu kila senti, mara moja amegeuka mchuuzi wa soko la Owino. Nikaaga.

Jumatatu nikamfuata Hajji baada ya sala ya adhuhuri, wakati anaokuwa mpole. Sikumtishia. Nikamwambia kuna watu wananitaka, mimi napenda kubaki, naomba ile ya Julai aiandike. Akaniita mwanangu, akasema kati yetu tangu lini kukawa na karatasi. Nikamjibu, "Hajji, kazi yetu yote ni karatasi." Akacheka mpaka kofia ikasogea, akasema nitaipata.

Ya NSSF niliiuliza pia, na sauti yangu ilitetemeka. Hakukana. Kuna wateja wawili wakubwa walikuwa hawajamlipa tangu Oktoba. Lazima niseme na hili: kabla sijaondoka, miezi yote mitatu ilikuwa imeingia.

Barua ikaja Ijumaa, tarehe 21. Aya moja. Ilisema uongozi utafikiria kunipandisha cheo katika mwaka wa fedha 2025/26, kutegemea hali ya biashara. Mshahara haukutajwa. Julai haikutajwa. Niliipiga picha nikamtumia mama yule, lile swali langu moja la bure: hii inatosha? Akajibu usiku, baada ya tarawehe, sauti ya sekunde nane. "Isome kama ungekuwa dirishani, halafu niambie kama ungeachia kontena."

Tarehe 24 nikatoa notisi.

Wale wapya walikubali miezi mitatu. Cheo hawakukubali kunipa siku ya kwanza, ila waliandika kwenye mkataba kwamba nikimaliza majaribio nitakuwa msimamizi msaidizi, na tarehe wakaiweka. Nilianza Jumatatu ya 28 Aprili. Hesabuni wenyewe miezi mitatu inaangukia wapi. Julai, Julai ile ile. Safari hii barua ilichelewa siku mbili.

Sasa makosa ya ushauri wenyewe, maana hamkuja hapa kusoma sifa. Kubwa ni kwamba mama hakuniuliza, wala mimi sikufikiri kuuliza, ninayemrithi alikwenda wapi. Wiki ya kwanza nilifungua droo ya meza yangu nikakuta vitambulisho vya kazi vya watu wawili. Wote waliondoka ndani ya mwaka mmoja. Sababu nikaijua mwisho wa Mei: wiki ya mwisho ya kila mwezi mizigo inalundikana na idara ya nyaraka haitoki kabla ya saa tatu usiku. Saa hizo takisi za Kireka hazikusubiri, na boda ya usiku mpaka nyumbani si 3,000. Ile 167,000 iliyobaki baada ya nauli na chakula, punguza tena elfu arobaini na kitu. Mnaona, "na kitu" imerudi.

Pili, karatasi zake zote ni za fedha. Hakuna sehemu aliyoandika mtoto anayelala kabla mama hajarudi. Nilipomuuliza mwishoni kama hilo huwa analihesabu, akasema watu wakianza kulihesabu hawahami kamwe. Labda. Ila mimi ningependa kuliona kwenye karatasi hata bila namba.

Na kuna habari ya Nakawa. Nafasi ya usimamizi ilitolewa kweli, Oktoba, akapewa mwenzangu tuliyekuwa tukikaa meza moja. Aliniambia mwenyewe: 2,000,000. Mkononi ni 1,398,000. Kwa hiyo Hajji hakuwa ananidanganya, alikuwa ananitajia bei ya mwaka ambao haujafika. Mwenzangu ana cheo kizima, mimi nina cha usaidizi. Yeye anakula matoke ya Jumatano, mimi nakula kibandani. Tukikutana Nakawa kwenye mambo ya URA, mamlaka ya mapato, tunataniana nani kapunjwa.

Ningelipa tena? Ndiyo, na nimeshampeleka mdogo wangu. Nyota nne, ile ya plaiwudi siirudishi. Septemba ile bei ilipanda ikawa 150,000, na wasifu bado watakuuzia.

Ukienda, chukua nafasi ya kwanza asubuhi, kabla foleni haijajazana. Beba hati ya mshahara ya mwezi uliopita, mkataba wa sasa, mkataba unaokuja, na nywila ya NSSF uwe unaikumbuka. Kaa kiti cha dirishani, kile cha ukutani kiko sikioni mwa benchi. Kama unajua Kiswahili, mwambie mapema. Choo kiko chini nyuma ya duka la dawa, ufunguo omba kwa yule dada wa kaunta, na usiende mikono mitupu. Nunua hata panadol.